Daftari la Mwalimu Zuhura

Wanafunzi wangu, miaka yote mmeniita Mkuu, nami nimewaficha nilivyoupata ukuu huo.

Leo mchana Mwalimu Zuhura amekuja kuniona hapa Kariakoo. Tulianza kufundisha pamoja, shule moja.

Ameniletea samaki, changu wa kukaanga kutoka soko la Feri. Mikono yangu inatetemeka siku hizi, basi akanitolea miiba.

"Kula, Mkuu. Au unataka nikuchape?"

Tukacheka. (Daktari ameshasema sina muda mrefu.)

Kisha akaikumbuka siku wakaguzi walipokuja kutazama maandalio yetu ya masomo. Mimi nilisifiwa, nikapandishwa kuwa mwalimu mkuu. Yeye alipewa barua ya onyo kwa kukosa maandalio, akabaki darasani hadi kustaafu.

"Daftari langu la maandalio lilipotea asubuhi ileile," akasema. "Bahati mbaya tu, kaka."

Nilitaka kusema. Tonge likanikwama. Akaninywesha maji, akanipapasa mgongo, akaaga.

Ndiyo maana naandika. Msinipe pole mimi. Mfikishieni yeye haya.

Dada Zuhura, daftari halikupotea. Nililichukua mezani kwako, nikachana jalada lenye jina lako, nikawapa wakaguzi kama langu.