Mama Faith na Nati za Gari Jipya

Kwetu Kasansa gari jipya haliguswi kwa spana. Plastiki za viti zinaachwa, padri ananyunyiza maji ya baraka, honi inapigwa kijiji kizima, kisha linaanza kubeba mizigo. Ukifungua nati moja, watu wanasema umeshaliharibu.

Marsela, ambaye wengi tunamwita Mama Faith, alilipeleka Canter lake kwa fundi kesho yake tu baada ya baraka. Mimi ni dereva wake, nilikuwepo.

Huyu mama alianza biashara ya mpunga kwa baiskeli, akisukuma gunia moja moja hadi barabarani. Mumewe alipofariki alimwachia lori kuukuu, akalihangaikia miaka mingi, hadi msimu mmoja springi ilipotuharibikia porini. Nati zilikuwa zimeliwa na kutu. Tulizigonga mpaka zikawa duara, hazikufunguka. Tukalala hapo na mvua juu yetu, mpunga wa watu ukalowa, mwingine ukaota ndani ya magunia. Mama Faith alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Hata hivyo wengi wakahamia kwa malori ya wageni. Alipopata gari jipya alijua wazi kwamba akilowesha mpunga mara ya pili, hakuna atakayempa mzigo tena.

Fundi Uwesu alikuwa chini ya gari pale gereji Mpanda wakati Melkior, shemeji yake Mama Faith, alipopita.

"Shemeji, gari halijabeba hata debe moja, umeshalilaza kama mgonjwa?"

"Nalitibu kabla halijaumwa."

"Basi na mimi nipakeni grisi, magoti yananisumbua."

"Wewe kutu imeshaingia, shemeji. Tumechelewa."

Uwesu alicheka huko huko chini. Alifungua nati za springi, za bomba la moshi na za kishikio cha tairi la akiba. Kila moja aliisugua kwa brashi ya waya, akaipaka grisi kidogo, akaikaza. Za matairi alikataa kuzipaka.

"Hizi zikilegea mtazika watu," alisema. Mama Faith hakubishana, akataka tu zikazwe vizuri. Kisha akanigeukia.

"Baba Alex, shusha tairi la akiba mwenyewe, nione."

Nikalishusha, nikalirudisha. Akasema, "Tena." Watu walikuwa wanatazama na mimi sipendi kutazamwa, lakini nililishusha tena. Akanunua pia bolti za akiba za springi, akazifunga kwenye kitambaa na kuziweka chini ya kiti. Tangu siku hiyo, kila tukibadilisha oili, Uwesu alizipitia nati zile upya.

Mwezi wa kumi na moja Theopista, mkulima wa jirani, alikubali kutupa mpunga wake wote. Ila alitaka kusafiri nao garini hadi mashine ya kukoboa mjini Mpanda. Tulikuwa ndani ya hifadhi ya wanyama, hatujafika Sitalike, niliposikia kitu kinakatika chini na gari likavuta upande. Ilikuwa bolti ya katikati ya springi. Mbele wingu lilikuwa jeusi. Turubai letu linavumilia mvua ya kupita, sio ya kulala nayo.

Niliingia chini na mbung'o wakaingia nami. Mama Faith alinipa spana huku anaangalia kama kuna tembo.

Theopista akasema, "Mama Faith, kama nati zimegoma sema, nianze kulia mapema."

"Ngoja kwanza," alijibu.

Niliivuta nati ya kwanza. Ikakubali. Ya pili nayo ikakubali. Nilimwona Mama Faith ameinama, anazitazama. Tulinyanyua gari kwa jeki, tukaweka bolti mpya, tukakaza. Matone yalianza tulipokuwa tunakusanya vifaa.

Tuliingia Mpanda mvua ikiwa imechanganya, nikalirudisha gari kinyumenyume hadi chini ya paa la mashine. Theopista hakusubiri wapakuaji. Alifungua gunia la pembeni kabisa, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mpunga na kuutafuna. Ulilia mdomoni.

"Mkavu," alisema. Akafunga gunia polepole. "Mwakani upite kwangu kwanza, Mama Faith. Na dada yangu nitamwambia akupe wake."

Mama Faith aliitikia kwa kichwa tu. Akaniambia niende kunywa chai, yeye akabaki kuhesabisha magunia.