Walizima alarme ya switch sababu ya matanga, kisha wakasema minye nililala

Wakuu wa hili jukwaa, nawasalimu. Minye (ndiyo mimi huku kwetu) ni koko, yaani bibi mzee, wa hapa Nyamianda, Uvira. Naandika na kidole kimoja, polepole, lakini chumvi sitaongeza hata punje.

Waliokuwepo nawataja kwanza. Baba Ramazani, président wa chama chetu cha wauza samaki: ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Deo, fundi wa mitambo, alioa mtoto wa dada yangu Esperance. Neema, fundi pia, ni binti wa rafiki yangu Nyota wa Makobola. Na Mama Zawadi, jirani wa depo yetu ya samaki, ukuta kwa ukuta, alikuwa amefiwa na mume.

Minye nalinda hiyo depo mchana.

Tuko na vyumba vitatu vya baridi, vya mikeke, samaki wetu wa ziwa. Waya za vyumba vyote zinaingia mu kisanduku cha chuma pale ukutani, wanakiita switch. Waya ikikatika, ama courant, umeme, ikienda, taa yake ya kijani inageuka nyekundu na king'ora kinalia kwa betri. Ndiyo macho yangu, maana milango inakaa imefungwa.

Sasa courant ya Uvira munaijua. King'ora kililia mara nne, mara tano kwa siku, na pembeni watu wako kwenye matanga. Wao wanalia, king'ora kinalia. Ni aibu kweli. Kwetu jirani akifiwa hata redio unazima.

Baba Ramazani akamwambia Deo anyamazishe. Hapo sina neno, hata minye nilikubali.

Lakini angalieni namna alivyofanya.

Angefungua waya wa king'ora tu, taa nyekundu ingebaki inafanya kazi. Yeye akafungua ordinateri, kompyuta yake, akaingia mu ukurasa wa alarme, akaondoa alama zote zinazowasha alarme. Ya courant, ya chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Zote!

Nikamuuliza nani atazirudisha. Akasema, "Koko, matanga ikiisha nakuja."

Matanga ikaisha. Deo akaenda Kavimvira kufungia watu kamera. Hakuja.

Siku ya nne tangu matanga iishe, panya wakakata waya wa chumba cha pili. Machine ya baridi inapata amri kwa huo waya, basi ikasimama. Minye niko kwa kiti changu, taa iko kijani. Natazama kijani.

Kesho yake wamama wakafungua kuchukua mikeke yao. Harufu iliwapokea mlangoni.

Baba Ramazani akaninyooshea mkono mbele ya wote. "Leta ufunguo. Umezeeka, unalala, samaki ya watu inaoza."

Deo, waliyemwita aje haraka, alisimama pale anatazama viatu vyake. Deo ambaye mtoto wake wa kwanza nilimbeba mgongoni minye!

Ufunguo nikatoa. Kuondoka nikakataa. Nikamwita Neema, akaja na ordinateri yake.

Kumbe kile kisanduku kinaandika kila kitu ndani yake, pamoja na saa. Neema akasoma kwa sauti: waya ya chumba cha pili ilikatika jana saa tatu asubuhi, na alarme yake imezimwa tangu siku ya kwanza ya matanga.

Mama Zawadi ndiye aliongea. "Kumbe ni kilio changu mulikifanya fimbo ya kumpiga koko?"

Neema akarudisha alama moja moja. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini kila alama nilitaka anionyeshe. Halafu akachomoa waya mmoja tujaribu. King'ora kikalia mpaka Baba Ramazani akaziba masikio, akasema inatosha, zimeni.

Nikamwambia, "Shemeji, zima weye mwenyewe, kisha uandike jina lako pale ukutani."

Hakuzima. Aliweka ufunguo juu ya kiti changu, akatoka. Pole yake sijaisikia mpaka leo.

Nilichojifunza: ukitaka kimya, ondoa sauti, taa uiache. Na anayeondoa alama aandike jina lake na siku ya kuirudisha, kabla ya kumwita mzee mlalaji.

Mafundi muliomo humu, kwenu munafanyaje? Nawasoma.

Na kama kuna muntu alikuwepo, anisahihishe. Pengine ni siku ya tano, siyo ya nne. Pengine ilikuwa saa nne. Nitakubali. Ila kwamba nililala, hapana.