Foleni ya Presha ya Sista Chausiku

Saa mbili kasoro asubuhi, jua la Vingunguti limeshaanza kuchoma, na Sista Chausiku Mwishehe amesimama mlangoni mwa zahanati, mkono kiunoni.

"Wa presha wote huku kwangu! Wa presha!"

Wanainuka wazee wachache na mabinti kumi na wawili. Kati ya mabinti hao hakuna hata mmoja aliyefika miaka thelathini, na hakuna mwenye presha. Wote wana mimba changa, ila hapa neno hilo halitamkwi.

Chausiku (58) ni muuguzi mkunga na msimamizi wa zahanati hii ya serikali, jirani na machinjio. Ni mzaliwa wa Temeke, kwa hiyo anajua jambo ambalo chuo hakikumfundisha: wanawake wengi wa huku hawatangazi mimba kabla haijaonekana yenyewe. Wanaogopa jicho la watu.

"Hata mie wa kwangu wa kwanza nilimficha mpaka mwezi wa tano," anasema na kucheka. "Mama mkwe alikuwa wa mwisho kujua!"

Miaka miwili iliyopita zahanati iliingizwa kwenye mpango wa malipo kwa ufanisi. Fedha haziji kwa sababu mmefungua mlango. Zinakuja kwa kazi iliyoonekana. Kwa kila mjamzito anayeanza kliniki kabla ya wiki ya kumi na mbili, zahanati inapata shilingi 12,000, na vigezo vingine vina malipo yake.

Chausiku alizitaka fedha hizo kwa jambo moja. Nyuma ya zahanati zilisimama kuta za chumba cha kujifungulia, zimeishia kwenye linta bila paa, majani yameota ndani. Wajawazito walipelekwa hospitali ya mbali, na mmoja alijifungulia njiani kwenye bajaji, mikononi mwa Chausiku.

"Mtoto alipona. Mama yake hakufika," anasema.

Robo ya kwanza, yaani miezi mitatu, walijitokeza tisa tu. Benchi la wajawazito lilikuwa barazani, chini ya kibao kikubwa, linatazamana na njia ya sokoni. Nani akae pale aonwe na mtaa mzima?

Chausiku akang'oa kibao, akaliingiza benchi ndani, akawachanganya mabinti na wazee wa presha. Kadi zao za kliniki akazifungia kwenye droo yake. Robo iliyofuata wakaja 83.

Ndipo wakaja wahakiki, ambao kazi yao ni kwenda nyumba kwa nyumba na orodha ya majina. Mmoja wao, Adelard, kijana mpole kutoka Kagera, alimkuta Najat Suleiman (24), muuza utumbo, akianika nguo mbele ya mama mkwe wake. Akamuuliza kwa sauti kama ni kweli ana mimba.

"Nikamwambia, mie? Mimba? Nani kakuzushia?" anasimulia Najat. "We ulitaka nisemeje, na mama mkwe kanitolea macho hivi!"

Kati ya arobaini waliotembelewa, 31 waliruka, wakakana kama Najat. Ripoti ikasema majina ni hewa. Malipo yakasimamishwa, na Chausiku, mwenye miaka 34 kazini, akapewa barua ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua kwa kughushi. Kadi za kwenye droo hazikumsaidia, maana aliyeziandika ni yeye.

Wenzake wakamshauri awaite mabinti waje kukiri hadharani. Akakataa katakata.

"Walinikabidhi siri. Nikiitoa leo, kesho nani atakuja? Nikawaambia wakubwa, nipeni miezi saba."

Ilikuwa miezi saba ya kusemwa. "Kuna watu walinipita bila salamu. Iliniuma, sikufichi."

Siku ya uhakiki wa pili, Machi mwaka huu, Adelard alikuta ua wa zahanati hauna pa kukanyaga. Kati ya wale 31, wawili walikuwa wamehama. Ishirini na wanane walikuja na watoto. Najat akatangulia, akamwekea mwanawe mapajani.

"Kaka, yule uliyekuja kumuulizia nyumbani, huyu hapa. Shika!"

Vigelegele vilisikika mpaka machinjioni. Lakini Chausiku anamkumbuka zaidi yule wa ishirini na tisa, aliyekuja mikono mitupu. Mimba yake ilitoka.

"Sina mtoto wa kukuonyesha," alimwambia Adelard. "Ila nilikuja mapema, na sista hakudanganya. Andika."

Adelard akaandika. "Nilifuata fomu," anakiri leo. "Fomu haikuniambia kuna mama mkwe." Siku hizi wahakiki huonana na mabinti hapohapo zahanati, mlango umefungwa.

Barua ilifutwa na malimbikizo yote yakalipwa. Chumba sasa kina paa jekundu, na kitanda kipya bado kimevikwa nailoni kikisubiri ufunguzi mwezi wa nane. Siri ya foleni nayo imeshavuja. Wakwe wanaijua, wanajifanya hawajui, na ndiyo maana sista ameruhusu iandikwe.

Wa mwisho kwenye foleni leo ni wifi yake Najat. Anauliza kwa kunong'ona atajifungulia wapi, kwani bajaji anaziogopa.

Chausiku anahesabu miezi kwa vidole, kisha anafungua dirisha na kumwonyesha paa.

"Wa kwako Januari. Utajifungulia pale, mikononi mwangu. Huendi popote."