Mchina wa Sinema na Kitana cha Baba

Jana tukitoka kanisa, mzee jirani yangu alinisukumia simu usoni. "Mama, ona yule Mchina wetu wa sinema. Aliacha kupigana, siku hizi anamchana binti yake nywele. Huyo ndiye baba wa ukweli." Sauti imelainika kama ya pasta akiomba sadaka. Ndani ya simu Mchina amezeeka, anampaka mtoto mafuta kichwani, na mimi ikanijia harufu ya mafuta ya kukamulia ng'ombe.

Hayo ndiyo baba yangu alikuwa ananipaka, mama alipokufa. Asubuhi moja tulikuwa na wakulima wengine kwa mizani tunangoja majani chai yapimwe, nimekaa katikati ya magoti yake, ananisuka. Usiku wa kuamkia siku hiyo gari la sinema lilikuwa limekuja kijijini, tukamwona huyo Mchina kwa shuka ukutani akiangusha watu. Basi jirani huyu, wakati huo kijana, akaruka teke hapo mbele ya watu, akamgeukia baba, akaongea kwa pua kama Mchina: "Mwanaume ni yule. Wewe tukuite mama nani?" Wakacheka wote, hata karani wa mizani. Baba akaweka kitana mfukoni. Nilirudi nyumbani nusu ya kichwa imesukwa, na jioni akaninyoa yote. Hakunisuka tena.

Sasa ni yeye ananiambia ati baba wa ukweli. Nikamrudishia simu yake.

"Ruka lile teke tena, mzee, tuone. Halafu hiyo simu upeleke kwa kaburi ya baba yangu, umwonyeshe yeye."