Wimbo Uliozungushwa kwa Mpira wa Baiskeli

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuharakisha wimbo wa shangazi.

Alinifuata Mbeya akitokea Iringa, kanda ameiviringisha kwenye kitenge kama mtu aliyebeba yai. Ndani yake, alisema, kuna wimbo ambao yeye na marehemu mume wake walikuwa wakiucheza Mgololo, enzi mume wake anafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Sasa binti yao anaolewa. Kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti, mama yake huingia ukumbini akicheza, watu wote wamesimama, baba pembeni yake. Shangazi alitaka kuingia na wimbo ule kwa sababu baba hayupo. Jina la wimbo hakulijua. Alijua tu ni muziki wa fanki wa Wamarekani, na kwamba santuri waliyoirekodi kwenye kanda ilikuja na treni kutoka Zambia.

Niliuhamishia kwenye kompyuta. Mambo haya sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa kutazama video na kwa kuharibu. Wimbo ulitoka mzito, besi inatembea kama mtu aliyevaa gambuti kwenye tope, sauti ya mwimbaji iko mbali kama inavuka ukungu wa Mufindi. Nikadhani kanda imechoka. Nikausukuma mwendo mpaka ukachangamka, nikauhifadhi juu ya ule wa mwanzo. Halafu sikuridhika, kama kawaida yangu, nikairudisha kanda kwenye redio nipate nakala safi zaidi. Redio ikaitafuna. Nilikaa kitandani na utepe mapajani, umekunjamana, unang'aa kidogo dirishani.

Sikumwambia. Nilijificha kwenye kutafuta.

Nilipandisha kipande cha wimbo kwenye jukwaa la wakusanyaji wa santuri mtandaoni, na mtu nisiyemjua akalitambua kundi lililouimba. Hapo ndipo nilipozama. Muziki wa kundi lile umetolewa upya mara nyingi, na kila toleo lina kilema chake. Moja limekata mwisho wa wimbo. Jingine limetengenezwa kutoka santuri yenye mikwaruzo. Jingine limechanganya nyimbo zilizopendwa tu, na wa shangazi haumo. Nililotaka ni sanduku lile kubwa la CD, lenye albamu zote za kundi, na nyimbo zilizotoka peke yake, na hata mazoezi ya studio, vyote vimetolewa kwenye kanda za kwanza kabisa. Usingizi wangu ulijaa sanduku hilo. Niliota nalifungua, na ndani kuna sanduku jingine, na ndani ya hilo muziki umeshaanza.

Aliyenipatia ni mfanyabiashara mmoja wa Mwanjelwa, mzee wa asili ya pwani anayeuza redio na spea zake, ambaye ndugu zake humletea mizigo kutoka nje. Alinisikiliza huku akifuta vumbi kwenye spika.

"Mdogo wangu, wimbo si upo kwenye simu?"

Nikamweleza kwamba ule wa kwenye simu umefupishwa.

"Kwani shangazi yako anaingia ukumbini au anakwenda Tunduma?"

Lakini aliliagiza. Lilipofika nilinawa mikono kabla ya kulifungua. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, na muziki ukaja katikati ya mvua, kila chombo na mahali pake, mpaka mlio wa kiti cha mpiga ngoma anapojiweka sawa. Nililala chali sakafuni. Nilijiona nimeshamlipa shangazi kanda yake, tena kwa kitu kizuri kuliko kanda.

Kwenye basi kwenda Iringa sikuliweka lile sanduku kwenye rafu ya juu na mizigo mingine. Tuliposimama Nyololo abiria wakashuka kununua mahindi, mimi nilibaki nimelikumbatia.

Ilikuwa imebaki wiki moja kabla ya sendofu. Shangazi alisimama katikati ya sebule, nikawasha wimbo kwenye kompyuta. Akatanguliza mguu, akaurudisha. Akajaribu tena. Shangazi huniita baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake.

"Baba, hawa watu wanakimbilia wapi?"

Nikasema huu ndio mwendo wa kweli, wa studio. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mashine ya santuri ya mume wake ilikatika mkanda, na Mgololo hakukuwa na spea, kwa hiyo alikata mpira wa ndani wa baiskeli akaufunga humo. Ukawa unateleza. Santuri ikazunguka polepole, na watu wa nyumba zote za jirani wakacheza polepole, wakazoea hivyo, na kanda ikarekodiwa hivyohivyo.

"Weka wa kwenye kanda," akasema.

Nikamwambia kanda haipo. Nilimwambia yote, hata la kuhifadhi juu ya nakala ya mwanzo, huku nikitazama zulia. Akaenda jikoni, nikasikia anazima jiko la maharage. Aliporudi alivua kandambili.

"Haya, punguza. Nitakwambia."

Nilipunguza kidogo kidogo. Alitembea kutoka kwenye friji hadi mlangoni, akarudi, akasema bado. Mwimbaji akaanza kuzeeka. Tarumbeta zikawa kama honi za malori yanayoshuka mlima upande wa pili. Nikapunguza tena, na mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe ukakaa hewani, usawa wa bega la mtu mrefu kidogo kuliko yeye.

"Hapo. Usiguse."

Sikugusa. Alicheza mpaka wimbo ukaisha, na mimi nikatazama pembeni.

Ukumbini dijei aliujaribu kidogo akaniinamia. "Kaka, wimbo wako umeishiwa chaji." Nikamwambia auache hivyohivyo. Mlango ukafunguliwa, shangazi akaingia polepole sana, mkono wa kulia umeinuka, na wanawake waliokuwa nyuma yake, ambao walikuwa wamejiandaa kurukaruka, wakatulia wakafuata mguu wake.

Sanduku liko kabatini kwangu, limekamilika. Siku hizi mtu akiniletea kanda, naihifadhi kwanza kama ilivyo, namuuliza ilikuwa inachezwaje, na nikiharibu namwambia siku hiyohiyo.