Kijiko cha Kuonja

Mtu aliyepikia watu mia nne kwa miaka ishirini na sita hawezi kupika chakula cha mtu mmoja. Usimcheke. Mama Upawa, kama wanafunzi wa shule ya bweni walivyomwita, alikuwa akikadiria mchele kwa mkono kwenye kijisufuria cha chumbani kwake, na kila mara ukatoka wali wa kulisha ukoo mzima. Ukoo wenyewe hakuwa nao. Mume alikwenda zake kitambo, tena bila hata ugomvi, jambo lililomuudhi zaidi. Mtoto hakujaliwa. Aliyebaki ni dada yake mkubwa, na kati yake na dada huyo kulikuwa na ngazi yenye vidato hamsini na vinne.

Dada aliishi ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani lisilo na lifti. Macho yalikuwa yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu, na tangu alipoteleza kwenye ngazi akavunjika mkono aliapa kwamba hashuki tena. "Nitashuka siku ya kubebwa," alisema, naye hakuwa mtu wa kurudi nyuma akishasema. Mama Upawa hakuweza kupanda. Goti lake la kulia lilikuwa limesagika kwa kusimama sakafuni tangu ujana, na mara ya mwisho alipojaribu alifika kidato cha kumi na tisa, akakaa hapo saa nzima anatokwa na jasho, mpaka majirani wawili wakamshusha mmoja huku mmoja huku. Aibu ya siku ile hakuisahau.

Basi kila Jumapili mchana alikwenda kukaa kwenye benchi la saruji chini ya dirisha la dada. Dada aliteremsha kikapu kwa kamba, ndani yake bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Mama Upawa alikula chini, dada akala juu, wakazungumza kwa kupaza sauti. Mwaka mmoja na miezi mitatu walikula pamoja hivyo, ikiwa kweli unaweza kuita pamoja. Alichokuwa akikiona cha dada yake ni kidevu na mkono ulioshika kamba.

Hatimaye alikwenda hospitali. Daktari aliitazama picha ya goti mbele ya taa, kisha akamgeukia.

"Mama, goti hili tunaweza kulibadilisha. Lakini wewe una kilo tisini na saba. Shuka mpaka themanini na tano, ndipo nikuandike kwenye orodha ya upasuaji."

"Na nisiposhuka?"

"Utabaki nalo hivyo hivyo."

Alipelekwa chumba cha pili kwa mtaalamu wa lishe, binti mwembamba mwenye miwani, ambaye alimwazima mizani ya jikoni, bapa, isiyozidi ukubwa wa kitabu. Alimwonyesha: weka sahani, bonyeza kitufe namba zirudi sifuri, tia chakula, soma gramu, angalia kwenye kijitabu gramu hizo ni kalori ngapi, andika. Kalori elfu moja na mia tano kwa siku, zisizidi. Kila Jumatano aje na daftari apimwe.

Mama Upawa alicheka moyoni. Kufundishwa jikoni na mtoto ambaye bila shaka hajawahi kukoroga sufuria linalomfika kifuani! Lakini alikuwa na sababu ya kunyenyekea, akabeba mizani yake kwenye mfuko.

Jioni ile alipima wali gramu mia moja na hamsini, akautazama. Ulikuwa pembeni mwa sahani kama uliosahauliwa na mtu aliyekwisha kula. Akaongeza maharage gramu mia, kabichi la kuchemsha kadiri alivyotaka, maana kabichi lilikuwa na huruma kwenye kile kijitabu. Alipika kikombe kimoja cha chai, akapima hata sukari. Mizani ilikaa mezani upande wa pili, mahali ambapo mtu angekaa, namba zake zikiwaka. Alimaliza kula kabla kiti hakijapata joto. Ndipo akaelewa kwamba miaka yote ile alikuwa akipika chakula kingi ili kimchukulie muda.

Hakuchepuka hata siku moja, na hilo naomba uliamini kabla sijaendelea. Mkate aliupima. Ndizi aliipima bila ganda. Hata kikapu cha Jumapili aliamua kukipima, akaenda na mizani mpaka kwenye benchi la saruji, akahamisha chakula cha dada yake kijiko kwa kijiko kwenye sahani, watoto wa jengo wamemzunguka. Chakula kilichozidi alikirudisha kikapuni.

"Mbona kikapu kizito?" dada aliuliza toka juu.

"Nimeshiba, dada!"

"Umeshiba nini wewe? Kilo ngapi sasa?"

"Dada, taratibu!"

"NIMEULIZA KILO NGAPI!"

Hivyo jengo zima, ghorofa zote tatu, likawa linajua kilo za Mama Upawa.

Na kilo zenyewe hazikutikisika. Jumatano ya kwanza, tisini na saba. Ya tatu, tisini na saba. Ya sita, tisini na saba na nusu. Binti wa lishe alifungua daftari, akapitia kurasa zote kwa kidole, mwandiko safi, hesabu sahihi. Akavua miwani.

"Mama, kuna kitu huandiki."

"Naandika kila kitu."

"Mwili haudanganyi, mama."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

Binti alilifunga daftari, akamrudishia. Mama Upawa alitoka pale damu inamchemka. Njiani hasira ikaisha, ikabaki huzuni, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu huzuni haina wa kumgombeza. Mtu mzima ameishi wiki sita kwa njaa, peke yake na mashine, kisha aitwe mwongo. Alifikiria kuirudisha mizani ile Jumatano inayofuata na kumwambia dada kwamba basi, waendelee na kikapu chao mpaka mmoja wao abebwe.

Lakini kesho yake aliibeba kwenda nayo kazini. Alitaka shahidi. Angekipima chakula chake cha mchana mbele ya Machozi, ili angalau mtu mmoja duniani ajue kwamba hasemi uongo. Machozi alikuwa mpishi msaidizi, mwanamke wa makamo aliyekuwa amekata vitunguu jikoni mle kwa miaka tisa na bado alilia kila siku kama ndiyo mara ya kwanza.

Masufuria sita yalikuwa yanachemka. Mama Upawa alipita kama alivyopita maisha yake yote, kijiko kikubwa mkononi. Maharage ya sufuria la kwanza: akachota, akapuliza, akatia mdomoni. Jiko zima lilinyamaza kumsubiri. "Chumvi bado." La pili: akachota. "Hili liko sawa, punguza moto." Wapishi wanane walimtazama mdomoni, na hakuna aliyethubutu kuinua sufuria mpaka aseme.

Alipofika la nne, Machozi alijifuta macho kwa kiwiko.

"Mama, na hicho je?"

"Hiki nini?"

"Hicho kijiko. Unakiandika?"

"Hiki? Hiki si kula. Ni kuonja."

"Kwani ukionja chakula hakiendi tumboni?"

Wengine waliangua kicheko. Mama Upawa hakucheka. Alisimama na kijiko hewani, mdomo wazi, mpaka maharage yakapoa. Miaka ishirini na sita, na hakuna mpishi aliyewahi kumwambia mwenzake kwamba kuonja ni kula. Mpishi akiulizwa kama amekula, anasema bado, na anasema kweli kabisa.

Machozi ndiye aliyetoa wazo la bakuli. Siku iliyofuata, kila Mama Upawa alipoonja, Machozi alichota kijiko kingine cha kiasi kilekile na kukitia kwenye bakuli lililokuwa juu ya rafu. Uji wa asubuhi mara tatu. Wali, kuangalia kama umeiva. Maharage sita, mengine mara mbili, kwa sababu baada ya kutia chumvi lazima uonje tena. Supu. Saa tisa alasiri, masufuria yakioshwa, waliliweka bakuli kwenye mizani. Gramu mia sita na kumi. Mama Upawa alikaa kwenye gunia la mchele akafanya hesabu kwa penseli, akaifanya tena, na mara zote mbili ikatoka kalori mia saba na hamsini.

"Hicho ni chakula cha mtu," Machozi alisema kwa upole.

Kilikuwa chakula cha mtu kweli, kizuri kuliko vyote vilivyoandikwa daftarini. Na ndicho pekee alichokula akiwa na watu.

Jumatatu alimkabidhi Machozi kijiko. Wote walidhani anatania. Machozi aliupokea wajibu ule kama anapewa mtoto mchanga, akaonja sufuria la kwanza, akamtazama.

"Nadhani... chumvi bado?"

"Usinitazame mimi. Mdomo ni wako."

Mchana wanafunzi mia nne walikula, wakakwangua sahani, wakatoka. Mama Upawa alisimama kwenye dirisha la kupakulia akisubiri hata mmoja alalamike. Hakuna. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya binti wa lishe, na sitaficha kwamba siku ile alitamani maharage yangeungua. Wiki ya pili jiko lilikuwa linanyamaza kumsubiri Machozi. Wapishi walimtazama Machozi mdomoni. Mama Upawa alikagua moto, akahesabu magunia, akakaa kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza pale jikoni hakuna aliyemuuliza kitu kuanzia asubuhi mpaka saa nne.

Kilo zilianza kushuka. Tisini na tano. Tisini na mbili. Binti wa lishe alitabasamu, na aliposimuliwa habari ya kijiko alicheka mpaka akaomba radhi kwa kucheka, kisha akaomba radhi kwa lile jingine pia. Mama Upawa alimsamehe shingo upande. Jioni aliendelea kukaa na mizani yake. Alifika mahali akawa anaisemesha: "Haya, sema." Nayo inasema, mia moja na hamsini. Miezi minane ilipita hivyo, mpaka Jumatano moja akasimama kwenye ile mizani kubwa ya hospitali na namba ikakaa themanini na nne.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mazoezi ya baada yake yalimtoa machozi ya kweli, si ya vitunguu, na hayo tuyaache.

Jumapili aliyokwenda hakumwambia dada yake. Hakukaa kwenye benchi. Alishika reli, akaanza. Kidato cha kumi na tisa alikipita bila kukitazama. Ghorofa ya pili akapumzika, akasikia juu kamba ikikwaruza dirishani, dada akiteremsha kikapu kwa mtu ambaye hayupo.

"Mdogo wangu! Umelala huko chini?"

Akapanda vidato vilivyobaki. Mlango haukuwa umefungwa. Dada alikuwa ameinama dirishani, mgongo umepinda kuliko alivyoukumbuka, nywele nyeupe kabisa. Hizo hakuwahi kuziona kutoka chini.

"Vuta kikapu, dada. Hakuna mtu."

Dada aligeuka taratibu. Alinyoosha mikono, akampapasa mabega, mashavu, akamshika kiuno pande mbili.

"Mbona umeisha hivi?"

"Si ulikuwa unauliza kilo, jengo zima likisikia?"

Walilia kidogo, wakacheka kidogo, wakaachana kwa sababu kulikuwa na kitu jikoni kinaungua. Dada alienda kwa kupapasa ukuta, akafunua sufuria, akachota, akapuliza kwa muda mrefu. Akamletea kijiko mpaka mdomoni, mkono wa pili ukikinga chini.

"Siku hizi ulimi wangu nao siuamini. Hebu onja. Chumvi imekolea?"

Mama Upawa alionja. Chumvi ilikuwa imekolea barabara, hakuna cha kuongeza wala kupunguza.

"Sijaipata vizuri, dada," akasema. "Nipe tena."