Kichuguu cha Nekesa

Mpaka leo nikikutana na Jairus njiani namsalimu kwa nusu mdomo, na sijutii.

Nekesa, jirani yangu hapa Mabanga, ni mjane wa kaka yake Jairus. Alipoolewa, mama mkwe alimkabidhi kichuguu kilicho shambani, na kwetu kichuguu kina mwenyewe kama ng'ombe. Kila mvua za Aprili zilipoanza alikifunika kwa blanketi kuukuu, akapigapiga ubao kwa vijiti viwili, taratibu, kama manyunyu. Kumbikumbi wakadhani ni mvua, wakatoka mchana kweupe. Wengine alikaanga, wengine alianika wa kumpelekea binti yake Kitale. Hakuna kazi nyingine iliyompa furaha ile.

Mwaka 2006 Jairus akavuta stima. Mvua ikanyesha, wageni wakiwa mezani, kumbikumbi wakafuata taa na kuangusha mabawa kwenye supu. Hao ni vijana wa mchwa, dume na jike, wanaoruka mara moja tu maishani kutafuta wenzi na udongo wa kuanzisha makao yao. Wengi huishia tumboni mwa kuku. Lakini Jairus aliona aibu. Kesho yake, Nekesa akiwa soko la Misikhu, akachukua jembe, akachimba kichuguu mpaka akamtoa malkia, mnene kama kidole gumba, akamponda. Malkia ndiye anayetaga. Akifa, nyumba nzima inakufa.

Jioni Nekesa alimfuata kwake. Mimi nikaandamana naye, maana matusi ninayajua zaidi.

"Shemeji, si ni hao wako wanaingia kwa supu ya wageni!" Jairus akajitetea.

"Wangu wanatoka mchana! Hawa wa taa ni wengine, wanatoka giza likiingia. Si mama yako alikuwa anakupea wa hapo ukiwa mtoto?"

Hapo ndipo ninapowaka. Mtu wa hapa hapa, aliyekula kumbikumbi kabla ya kujua kutembea!

"Basi utapata kingine, bana," Jairus akasema.

Kingine! Kichuguu kile kilimpita Nekesa kimo tangu akiwa bibi harusi.

Tukiwa bado tunabishana, kumbikumbi wakaja tena, wengi kuliko jana, wakajaa kwenye balbu. Agneta, mke wa Jairus, akainuka akazima taa. Baada ya muda mfupi wote walikuwa wametawanyika.

"Kumbe ilikuwa ni kuzima tu?" Nekesa akauliza, akaanza kulia.